Muulize Mjomba: Mwaka wa kujitolea kibutsini kabla ya chuo

Mwezi huu barua nne zimegusa jambo moja, kwenda kujitolea kibutsini, yaani katika vijiji vya ushirika vya Israeli, nami nimeona ni heri nizijibu pamoja kuliko kuwarudisha wasomaji kwenye mada hiyo hiyo toleo baada ya toleo. Ya kwanza ndiyo ndefu, na jibu lake pia. Waandishi wa zile tatu nyingine wanisamehe nikiwafupishia, kwani mengi yanayowahusu yatakuwa yamekwisha kusemwa.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa miaka 19, mkazi wa Tabata. Nimemaliza kidato cha sita, nimehitimu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na ufaulu wangu unaniruhusu kusomea kilimo chuo kikuu. Kabla ya kuanza ningependa kukaa mwaka mmoja nchini Israeli, nikiishi na kujitolea kibutsini, kwa sababu nimevutiwa na namna watu wale wanavyolima jangwani. Baba hajakataa wala hajakubali. Mama hataki hata kusikia. Babu yangu, aliyeishi kijiji cha ujamaa huko Dodoma, ananicheka. Anasema kibutsi ni ujamaa ule ule, na kama shida yangu ni kulima shamba la wote bila mshahara, jembe lake lipo nyuma ya mlango. Je, niende? Na nikienda, nitapoteza nafasi ya chuo?

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Nianze na babu yako, kwa sababu kejeli yake ina ukweli zaidi ya anavyodhani mwenyewe, na kwa sababu mtu asiyejua kibutsi ni kitu gani hawezi kuamua kwenda kuishi humo. (Neno ni la Kiebrania, na wingi wake kwao ni kibutsim, lakini Mswahili akishasikia ki- mwanzoni mwa neno haombi ruhusa ya mtu, huweka vi-, kama alivyofanya kwa kitabu na kwa kiplefti. Nitasema vibutsi.)

Kibutsi cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910 kusini mwa Ziwa la Galilaya na vijana 12, wanaume 10 na wanawake 2, waliokuwa wamehamia huko kutoka Ulaya ya Mashariki. Walikubaliana kwamba mazao, ng'ombe, zana, nyumba na hata nguo ziwe mali ya wote, kwamba kila mmoja afanye kazi kadiri ya nguvu zake na apewe kadiri ya mahitaji yake, na kwamba mambo makubwa yaamuliwe na mkutano wa wanachama, ambamo msimamizi wa shamba na muosha vyombo wana kura moja moja. Chakula kilipikwa katika jiko moja na kuliwa katika ukumbi mmoja. Katika vibutsi vingi watoto hawakulala kwa wazazi wao bali katika nyumba yao ya pamoja, desturi ambayo kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha kuachwa. Leo vipo vibutsi takriban 270.

Sasa turudi kwa babu. Waraka wa Ujamaa Vijijini wa Mwalimu Nyerere ulitoka Septemba 1967, na mtu akiusoma hata leo ataona fikra ambazo mwanachama wa Degania asingezishangaa. Hata JKT uliyotoka kuihitimu, iliyoundwa Julai 10, 1963, ilipata msaada wa Waisraeli katika miaka yake ya mwanzo, kwa kuwa wao walikuwa na kikosi chao kiitwacho Nahal kilichochanganya uaskari na ukulima wa kibutsi; kwa hiyo umekwisha kuonja kidogo bila kujua unaonja nini. Babu anapokosea ni hapa: kibutsi kilikuwa cha waliotaka. Hata enzi za kilele chake, wakazi wa vibutsi hawakufikia mtu mmoja kati ya kumi katika Wayahudi wa nchi ile, na aliyechoka alifunga mizigo yake akaondoka. Kwetu, tangu agizo la Novemba 1973, kuhamia kijijini kulikuwa amri, na nadhani babu anaweza kukusimulia juu ya malori yaliyokuja kubeba watu na vyombo vyao, ikiwa bado hajakusimulia.

Anapopatia ni kwamba hata kwao mambo yaligeuka. Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 uliviacha vibutsi vingi na madeni makubwa, na tangu hapo vilivyo vingi vimehamia kwenye mishahara inayotofautiana kwa kazi, huku wanachama wakilipia chakula na huduma walizokuwa wakizipata bure. Degania yenyewe, mama yao wote, ilipiga kura kufuata njia hiyo mwaka 2007. Ukienda leo ukitarajia ujamaa wa vitabuni, utaukuta katika vibutsi vichache. Katika vingine utakuta mtaa tulivu wenye miti mizuri, bwawa la kuogelea, kiwanda cha plastiki, na mashamba ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ya mikono inafanywa na vibarua kutoka Thailand.

Wageni wa kujitolea walianza kumiminika baada ya vita vya Juni 1967, wengi wakiwa vijana wa Ulaya na Amerika, na tangu hapo wamehesabika kwa mamia ya maelfu. Wapo waliokuja kuwa watu wakubwa: Bernie Sanders, seneta wa Marekani, alipitia huko hata kabla ya wimbi hilo, mwaka 1963, na Boris Johnson, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alipitia miaka ya 1980. Masharti ya msingi hayajabadilika sana. Uwe na umri kati ya miaka 18 na 35, uwe na cheti cha daktari na bima ya afya, ulipe ada ya kujiandikisha kwa ofisi ya vibutsi iliyoko Tel Aviv, na uwe tayari kukaa angalau miezi miwili. Utafanya kazi saa kama nane kwa siku, siku sita kwa juma, na kupumzika siku ya Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapozama. Kwa hayo utapewa kitanda katika chumba cha watu wawili au watatu, milo, kufuliwa nguo, na posho ndogo ya mfukoni. Viza yake ni ya aina ya B/4, ambayo ni ya kujitolea, wala haikuruhusu kutafuta kibarua kwingine.

Mimi nilikwenda mwaka 1998, nikiwa na miaka 23, kwenye kibutsi kimoja cha Bonde la Yordani. Nimezaliwa Rombo, na nilipoambiwa kwamba kibutsi kina migomba nilijisemea moyoni kuwa huko mimi ndiye nitakayekuwa mwalimu. Wiki tatu za kwanza nilipangwa jikoni. Kulikuwa na mashine ndefu ya kuoshea vyombo yenye mkanda unaotembea: sahani zinaingia upande huu zikiwa chafu, zinatokea upande ule zikitoa mvuke na zikiunguza vidole, nawe unapaswa kuwa umezipanga kabla mkanda haujakusukumia nyingine. Watu mia tatu na ushei walikula pale mara mbili kwa siku. Nilipofikishwa migombani hatimaye, nilikuta kila mkungu umevishwa mfuko wa plastiki wa buluu, shamba zima limefunikwa wavu juu kama chandarua, na maji yanadondoka kwenye kila shina kutoka katika mpira mwembamba uliolala ardhini. Mkataji anapiga panga shina mara moja tu, mgomba unainama polepole, na mkungu wa kilo thelathini au zaidi unatua begani pako. Unatembea nao hadi kwenye tela huku utomvu ukikuchuruzikia mgongoni, na shati lile halitatakata tena. Rombo tunakata mkungu mmoja kwa ajili ya mtori au mbege. Kule tulijaza tela kabla ya kifungua kinywa cha saa mbili, tukiwa tumeanza saa kumi na moja alfajiri.

Lililonishinda zaidi halikuwa mkungu. Msimamizi wa migomba alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, na kila mtu, hata vijana wa miaka 18, alimwita kwa jina lake la kwanza, bila cheo, bila mzee, bila chochote. Hakuna shikamoo katika Kiebrania. Kwa majuma kadhaa ulimi wangu ulikataa kabisa, nikawa namsogelea na kukohoa ili ageuke.

Nakueleza haya, mpwa wangu, kwa sababu barua yako inasema unakwenda kwa ajili ya kilimo, na hapo ndipo mashaka yangu yalipo. Ni kweli yapo ya kujifunza. Umwagiliaji wa matone, ambao siku hizi unauona hata katika mashamba ya mboga ya Bagamoyo na Kigamboni, ulitengenezwa kuwa biashara mwaka 1965 na kibutsi cha Hatzerim, katika jangwa la Negev, kwa ubunifu wa mhandisi Simcha Blass. Kampuni iliyozaliwa hapo ni Netafim. Ng'ombe wao wa maziwa hukamuliwa mara tatu kwa siku katika mazizi mengi, na ng'ombe mmoja hutoa wastani wa zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ng'ombe wetu wa asili hawezi kukifikia hata akiishi miaka kumi. Kompyuta inajua kila ng'ombe ametembea hatua ngapi na ametoa maziwa kiasi gani. Lakini mwenye kujitolea hupangwa palipopungua mikono, na mikono hupungua jikoni, kwenye dobi, kwenye kuchuma matunda na kufagia bustani. Hakuna mtu atakayetumia muda wake kukufundisha hesabu za mbolea inayopitishwa kwenye mpira wa maji wakati anajua kuwa baada ya miezi mitatu utakuwa umeondoka. Nilibeba mikungu miezi minne, na siku niliyoondoka sikuwa najua mbolea ile iliwekwa lini wala kwa kipimo gani.

Njia ya kilimo ipo, ila ni nyingine. Kuna mafunzo kwa vitendo ya takriban miezi 11 ambayo wahitimu na wanafunzi wa kilimo wa Kitanzania, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wamekuwa wakienda kuyafanya Israeli. Hao huwa na siku za darasani na siku za shambani, na kazi ya shambani hulipwa. Kazi yao ni ngumu kuliko ya jikoni niliyokueleza, na wapo wanaorudi wakilalamika kwamba walifanywa vibarua tu. Lakini mtu aliyekwisha kusoma udongo, magonjwa ya mimea na uchumi wa shamba anakwenda akijua aulize nini. Wewe bado hujui uulize nini, na hilo si kosa lako, una miaka 19.

Sasa mama. Sitamtania mama yako. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliotoka Gaza walivamia vibutsi vya mpakani, vikiwemo Be'eri, Kfar Aza, Nir Oz na Nahal Oz, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa katika mafunzo hayo hayo ya kilimo niliyoyataja. Nchi nzima hii iliwafuatilia wakiwa hawajulikani walipo, na wazazi wengi wa hapa Dar es Salaam waliona sura za watoto wao katika sura zile. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza, na vibutsi vya kaskazini, karibu na Lebanoni, vilihamishwa watu wake kwa muda mrefu. Karibu na Gaza king'ora kikilia mtu ana sekunde 15 tu za kufika mahali salama. Mama anapokataa hata kusikia, anayo sababu ambayo mama wa mwaka 1998 hakuwa nayo. Wangu mimi alihofia tu kwamba nitarudi na mke.

Kuhusu chuo, jibu ni fupi. Nafasi uliyochaguliwa haikungoji yenyewe. Usiporipoti na kusajiliwa, huhesabiki kuwa mwanafunzi, na mwakani utaomba upya pamoja na wengine. Kama unataka kuahirisha, andika barua kwa ofisi ya udahili ya chuo chako kabla muhula haujaanza, upate jibu kwa maandishi, na usitosheke na ahadi ya mdomo ya mtu wa dirishani. Mkopo wa Bodi nao huombwa kwa mwongozo mpya unaotolewa kila mwaka. Mkopo wa mwaka huu haubebwi kwenda mwaka ujao.

Umeniuliza kama uende. Kwa mwaka huu ningekuambia usiende, tena si kwa ajili ya hofu peke yake. Nenda chuo, soma kilimo chako, na ukifika mwaka wa tatu ulizia yale mafunzo ya miezi 11, ukiangalia pia hali ya usalama itakavyokuwa wakati huo na shamba utakalopangiwa liko upande gani wa nchi. Kama ungekuwa umeniandikia kwamba unachotaka ni kuishi tu na watu wa mataifa mengine, kuosha sahani zao na kujua mwili wako unaweza kubeba nini, ningekupa jibu jingine, na ningekuambia miezi mitatu inatosha, maana baada ya hapo sahani ni zile zile. Jembe la babu nalo usilidharau. Likizo moja Dodoma, ukimwuliza shamba la kijiji lilipangwaje, nani aliamua, na kwa nini watu waliacha kwenda, itakupa maswali ya kuwauliza watu wa kibutsini ambayo vijana wengi wa Ulaya hawanayo.

SWALI: Kaka Mjomba, habari za kazi. Mwanangu wa kiume amepata wakala Kariakoo anayesema atampeleka kibutsini kujitolea, na kwamba atalipwa mshahara mzuri kila mwezi. Anataka shilingi milioni nne, nusu yake kabla ya pasipoti. Nimeshauza kiwanja kidogo Chanika. Nitoe? Mama wa Mbagala.

JIBU: Usitoe, dada yangu, na hiyo fedha ya kiwanja irudishe benki leo. Maneno mawili aliyokuambia hayakai chungu kimoja: anayejitolea halipwi mshahara, na anayelipwa mshahara hajajitolea. Mtu aliye na viza ya kujitolea hupata chakula, kitanda na posho ya mfukoni, basi. Kama wakala anazungumzia kazi, basi aseme ni kazi, aonyeshe leseni ya serikali ya kupeleka watu nje, aonyeshe mkataba wenye jina la shamba na la mwajiri, nawe uende na karatasi hizo TaESA, yaani ofisi ya serikali ya huduma za ajira, wakakuangalizie. Kama anazungumzia kujitolea, mwanao anaweza kuandika mwenyewe kwa ofisi ya vibutsi bila wakala yeyote.

Kuhusu pasipoti, mwanao hahitaji wakala kuipata. Anajaza fomu ya Uhamiaji mtandaoni na kulipa Sh 150,000 kwa namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi mwa mtu. Mtanzania ni lazima apate viza kabla ya kusafiri, na kwa miaka mingi mambo hayo yameshughulikiwa na ubalozi wa Israeli ulioko Nairobi. Akikuambia viza ataipata akishafika uwanja wa ndege, usiendelee kumsikiliza. Najua kijana atanuna. Mwache anune.

SWALI: Assalamu alaykum, Mjomba. Mimi ni kijana Mwislamu wa Temeke, nimesoma hoteli na mapishi. Nilitamani kujitolea kibutsini kwa miezi michache, lakini nina maswali: chakula chao naweza kula? Nitaswali wapi? Na nikirudi, mtaani watanielewa?

JIBU: Wa alaykum salaam, kijana wangu. La chakula ni jepesi kuliko unavyodhani, ingawa halijibiki kwa neno moja. Jiko linalofuata sheria ya vyakula ya Kiyahudi halipiki nguruwe na halichanganyi nyama na maziwa. Utakuta sahani na sufuria za nyama zimetengwa na za maziwa, na wewe uliyesomea mapishi utauelewa utaratibu huo ndani ya siku moja. Lakini vibutsi vingi si vya watu wa dini, na havifuati sheria hiyo vyote, kwa hiyo uliza kabla hujapangiwa. Kifungua kinywa chao ni matango, nyanya, mayai, jibini na mkate, na hapo hakuna wa kukutatiza. Swala utaswali chumbani kwako. Niliishi chumba kimoja na kijana wa Kituruki aliyefanya hivyo, na hakuna aliyemsumbua. Ijumaa utahitaji usafiri. Kama uko Galilaya, miji yenye wakazi Waarabu haiko mbali, Nazareti na Akko ikiwemo, na msikiti wa al-Jazzar ulioko Akko ni mahali ambapo hata asiyeswali angependa kupaona. Kumbuka kwamba mtu mmoja kati ya watano nchini humo ni Mwarabu, na wengi wao ni Waislamu.

Swali lako la tatu ndilo zito, na sitakupamba kwa maneno matamu. Baadhi ya vibutsi vinalima ardhi ambayo hadi mwaka 1948 ilikuwa ya vijiji vya Wapalestina waliokimbia au kufukuzwa, na katika mashamba mengine utaiona mipungate (kaktasi) na kuta za mawe ambazo hakuna atakayekueleza habari zake usipouliza. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaurejesha mwaka 1995, na mwaka 2018 ikafungua ubalozi wake Tel Aviv, huku ubalozi wa Palestina ukiendelea kuwapo hapa hapa Dar es Salaam. Yaani hata serikali yetu imetembea na jambo hili kwa hatua za kwenda na kurudi. Temeke watakuuliza, na baadhi hawatasubiri jibu. Mimi nilipouliza habari za kuta zile, mzee wa migomba alinyamaza muda mrefu, kisha akanitajia jina la kijiji kilichokuwa pale. Tuliendelea kubeba mikungu, lakini tangu siku hiyo tulizungumza kama watu wanaofahamiana. Wengine kibutsini hawakupenda swali lile. Ukienda, nenda ukiwa unakijua kisa chote, na kama dhamiri yako haikuruhusu, usiende. Hoteli za Zanzibar nazo zinahitaji wapishi, na huko utalipwa.

SWALI: Mjomba, mimi nimekwisha kupata nafasi, naondoka mambo yakitulia. Kiebrania kinanitisha. Nianzie wapi? Msomaji wa Sinza.

JIBU: Kazini utaelewana nao kwa Kiingereza, na vibutsi vichache bado vina madarasa ya lugha yaitwayo ulpani, nusu siku darasani na nusu siku kazini. Ila wewe hauanzii sifuri. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiswahili kimekopa kwa Kiarabu mpaka kwenye hesabu: sita ni shesh, saba ni sheva, tisa ni tesha, mia ni mea, elfu ni elef. Ukisikia bei sokoni, sikiliza kwa sikio la Kiswahili.

Patakapokukosesha ni siku za juma. Wao huhesabu kuanzia Jumapili, ambayo huiita yom rishon, siku ya kwanza, ilhali sisi mosi yetu ni Jumamosi. Kwa hiyo kila ukihesabu kwa Kiswahili utakuwa umewatangulia kwa siku moja, mpaka ufike Alhamisi, ambayo kwao ni yom hamishi, siku ya tano. Hapo neno la Kiarabu linakuokoa. Mwezi wangu wa pili tulitangaziwa safari ya Bahari ya Chumvi siku ya yom shlishi. Shlishi ni ya tatu, nikasema moyoni, basi ni Jumatatu. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nilikuwa getini, nimenyoa, nimevaa shati safi, begi mgongoni, na mzee wa migomba akapita na trekta, akanitazama, akanionyesha tela kwa kidole. Nilibeba mikungu siku ile nikiwa na shati langu la safari. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kuingia garini, na mchana, katika bustani ya kibutsi cha Ein Gedi, juu ya lile bonde la chumvi, nikakuta mibuyu. Mibuyu kabisa, kama ya barabara ya Bagamoyo. Nilisimama chini ya mmoja wao, mkono juu ya gome, mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu.